Mguu Uliokaa Kimya: Kisukari Kinavyokata Habari Kati ya Wayo na Ubongo

Mkulima anarudi kutoka shambani jioni, anaketi kwenye kigoda na kuvua gambuti. Soksi ya mguu wa kulia imelowa damu. Anatia mkono ndani ya gambuti na kugusa ncha ya msumari uliopenya soli tangu asubuhi. Amelima nao kutwa nzima na hakusikia chochote.

Kisa cha namna hii si kigeni kwa wauguzi wa kliniki za kisukari. Pengine huwa ni kokoto iliyoingia kiatuni, kaa lililoruka kutoka jikoni, au karai la maji yaliyokuwa moto kupita kiasi. Kisichobadilika ni kwamba mgonjwa hakuhisi, na kwa kuwa hakuhisi alichelewa kutafuta matibabu. Kidonda ambacho kingesafishwa na kufungwa zahanatini kwa siku chache huishia wodi ya upasuaji, na mara nyingine mguu hukatwa.

Jamaa za mgonjwa huuliza swali lile lile: mtu anawezaje kukanyaga msumari asijue? Jibu liko katika safari ambayo habari hufunga kutoka kwenye ngozi ya mguu hadi kichwani.

Habari zinavyopanda

Ngozi ya wayo imejaa ncha za neva, ambazo wengi huziita mishipa ya fahamu. Kila aina ya ncha ina kazi yake. Zipo zinazotambua mguso mwepesi, zipo za mtetemo, za joto, za baridi, na zile zinazoamka pale tu ngozi inapokuwa hatarini kuumia. Ndani ya misuli na maungio kuna nyingine zinazoeleza mguu umekaaje. Ndizo humwezesha mtu kushuka ngazi gizani bila kutazama anakokanyaga.

Hakuna hata moja kati ya ncha hizo inayojua maumivu ni nini. Kazi yake ni kugeuza mguso, joto au mchomo kuwa mapigo madogo ya umeme, kisha kuyapeleka juu. Maumivu yenyewe hutokea ubongoni. Mguu hutuma habari tu.

Neva inayotoka kwenye kidole cha mguu ni ndefu ajabu. Seli yake ina kiini karibu na uti wa mgongo, sehemu ya chini ya mgongo, na kutoka hapo uzi mwembamba kuliko unywele huteremka mpaka kidoleni, takriban mita moja kwa mtu mzima. Urefu huo ni wa kukumbuka, kwa sababu ndio unaoeleza kwa nini kisukari huanzia miguuni.

Habari hazisafiri kwa kasi moja. Za mguso hupita kwenye nyuzi nene zilizofunikwa kwa ala ya mafuta, kwa mwendo wa mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Za maumivu makali ya kwanza hutumia nyuzi nyembamba zaidi, mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Maumivu ya kuwaka, yale yanayokuja nyuma na kukaa, hupita kwenye nyuzi zisizo na ala kabisa, kwa takriban mita moja kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Yeyote aliyewahi kugonga kidole kwenye mguu wa kitanda ameuona utaratibu huu. Kwanza anajua amegonga, mara mchomo unampata, halafu, akiwa tayari amekishika kidole, wimbi lenyewe linafika.

Uti wa mgongo nao hausubiri amri kutoka juu. Mtu akikanyaga mwiba, neva za ndani ya uti hutoa agizo papo hapo: mguu ulioumia uvutwe, na ule mwingine ukazwe ili mwenyewe asianguke. Hayo yote hufanyika kabla ubongo haujaarifiwa.

Kisha habari hupanda hadi sehemu iliyo katikati ya ubongo iitwayo thalamasi. Karibu hisia zote hupitia hapo, isipokuwa harufu, ambayo ina njia yake ya mkato. Thalamasi hufanya kazi kama stendi ya matatu: kila abiria huelekezwa kwenye gari linalokwenda kwake. Habari za mguso kutoka mguu wa kulia hupelekwa kwenye tabaka la juu la ubongo, upande wa kushoto, na za mguu wa kushoto huenda upande wa kulia.

Kwenye tabaka hilo mwili umechorwa kama ramani. Aliyeionyesha kwa uwazi ni daktari wa upasuaji wa ubongo, Wilder Penfield, huko Montreal nchini Kanada. Alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa kuwa ubongo wenyewe hauumii ukiguswa. Aligusa sehemu ndogo ndogo kwa umeme hafifu na kuwauliza wanahisi nini. Mmoja alihisi kitu kwenye kidole gumba, mwingine mdomoni, na hali hakuna aliyewagusa hapo. Mwaka 1937, yeye na mwenzake Edwin Boldrey walichapisha matokeo. Ilibainika kwamba midomo, ulimi na vidole vya mikono vimetengewa eneo kubwa, huku mgongo wote ukipewa kijisehemu. Ndiyo maana ulimi hugundua punje ya mchanga kwenye wali, lakini chungu hutembea mgongoni hatua kadhaa kabla hajashtukiwa.

Ubongo pia huchuja. Aliyevaa viatu tangu asubuhi havihisi tena, mpaka avitaje. Hata maumivu huchujwa njiani. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango, na kwamba habari za mguso zinaweza kulisukuma lijifunge kiasi, ili maumivu yasipite yote. Mama anayemsugua mtoto goti baada ya kuanguka hufanya hivyo hasa, na hakuhitaji kuambiwa na wanasayansi.

Mahali kisukari kinapokata

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa midogo ya damu inayolisha neva, na huzidhuru neva zenyewe. Zinazoumia mapema ni zile ndefu zaidi, kwa sababu ni vigumu kutunza uzi wa mita nzima mpaka kwenye ncha yake. Ganzi basi huanzia kwenye vidole vya miguu, hupanda kwenye wayo, kisha kwenye vifundo, kama mtu anayevaa soksi polepole sana. Mara nyingi ikikaribia magoti ndipo vidole vya mikono navyo huanza kufa ganzi.

Ubongo wa mgonjwa haujaharibika, na ramani yake ingalipo. Tatizo ni kwamba hakuna habari inayofika. Nao ubongo, usipoletewa habari za hatari, huchukulia kwamba hakuna hatari. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mgonjwa humwambia muuguzi kwa furaha kwamba miguu yake haina shida, haijamuuma hata siku moja. Kwa mtu aliyeishi na kisukari miaka kumi, kauli hiyo ni sababu ya kumwambia avue viatu.

Jambo jingine linalochanganya ni kwamba mguu huo huo unaweza kuwa na ganzi mchana na kuwaka usiku. Neva zilizojeruhiwa hujitungia habari zisizokuwepo, kama redio mbovu inayokwaruza bila stesheni. Mgonjwa huhisi sindano, moto, au wadudu wakitambaa, na hata uzito wa shuka humkera. Baadhi huamini wamerogwa. Zipo dawa za kutuliza hali hiyo na daktari anaweza kuziandika, lakini dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hazisaidii sana, maana chanzo kimo ndani ya neva.

Kisukari hakiishii kwenye neva za hisia. Zile zinazoamuru jasho nazo hudhoofika, ngozi ikakauka na kupasuka visigino. Zinazoendesha misuli midogo ya mguu zikilegea, vidole hujikunja na uzito wa mwili huanza kukandamiza sehemu zisizozoea kuubeba. Sugu hujijenga hapo, na chini ya sugu kidonda huweza kuchimbika bila kuonekana. Iwapo damu nayo haifiki vizuri mguuni, kidonda hicho hakina cha kukiponya.

Somo kutoka kwa wagonjwa wa ukoma

Hatari ya kukosa maumivu ilieleweka vizuri kupitia ugonjwa mwingine unaoshambulia neva, yaani ukoma. Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba ukoma huozesha nyama ya vidole. Dkt Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyeanza kazi Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946, aliwachunguza wagonjwa wake kwa makini na kuona mambo tofauti. Nyama yao iliweza kupona kama ya mtu yeyote. Vidole viliharibika kwa sababu wagonjwa walishika sufuria za moto, walikaza funguo kwa nguvu mpaka ngozi ikachanika, na walitembea juu ya vidonda bila kuchechemea.

Kuchechemea huko ni dawa. Mtu mwenye hisia akiumia wayo huuhurumia mguu bila hata kufikiri, akaupumzisha ukapona. Asiye na hisia huendelea kuukanyaga, na kila hatua hukifungua kidonda upya. Brand baadaye alifanya kazi Marekani, akajaribu na wenzake kutengeneza vifaa vya kupiga kengele badala ya maumivu. Havikufaulu. Mgonjwa aliyetaka kumaliza kazi yake alizima kifaa, jambo ambalo mwili haumruhusu mtu kulifanya na maumivu ya kweli.

Macho yafanye kazi ya neva

Neva ikishapotea hisia zake, si rahisi kuzirudisha. Kudhibiti sukari huchelewesha uharibifu kuendelea, na ndiyo maana dawa na miadi ya kliniki haifai kurukwa hata mgonjwa anapojihisi mzima. Kwa miguu iliyokwisha kupata ganzi, njia iliyobaki ni kuutafutia ubongo habari kwa mlango mwingine.

Kliniki hutumia kiuzi cha plastiki kinachopinda kikisukumwa kwa uzito wa gramu 10. Mgonjwa hufumba macho na kusema kila anapohisi kikigusa wayo. Nyumbani kuna kipimo kisichohitaji kifaa, kilichobuniwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa hulala au kuketi akiwa amenyoosha miguu na kufumba macho. Jamaa yake humgusa kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi na kwa sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, kidole cha katikati na kidole kidogo cha kila mguu. Asibonyeze, asikwaruze, wala asirudie mahali ambapo mgonjwa hakuhisi. Jumla ni miguso sita. Akikosa kuhisi miwili au zaidi, miguu hiyo imo hatarini na anapaswa kupelekwa kituo cha afya ikaguliwe.

Kazi ya kila siku ni kutazama. Miguu itazamwe jioni kwenye mwanga, juu, chini na katikati ya vidole, kutafuta malengelenge, wekundu, nyufa, funza au unyevu. Asiyeweza kuinama atumie kioo kilichowekwa sakafuni, au amwite mjukuu mwenye macho makali. Viatu vikung'utwe na kupapaswa ndani kwa mkono kabla ya kuvaliwa, na mgonjwa asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Anayenunua viatu vipya aende jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na asiamini kauli ya kwamba havibani, maana huenda asihisi vikibana.

Desturi moja inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa hufanywa kwa nia njema: kuloweka miguu yenye ganzi katika maji ya moto yenye chumvi, au kuisogeza karibu na jiko ili ipate joto. Mguu huo hauwezi kumwambia mwenyewe kwamba unaungua. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine. Sugu nazo zisikatwe kwa wembe. Mafuta ya kupaka ni mazuri kwa ngozi kavu, ila si katikati ya vidole, ambako unyevu hualika ukungu.

Kidonda chochote, hata kisichouma, kipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake. Mguu uliovimba, wenye joto kuliko mwenzake, wenye harufu au ngozi iliyogeuka rangi haupaswi kusubiri mpaka kesho. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 hupita nyumba kwa nyumba na mikoba yenye vipimo vya sukari na shinikizo la damu, wanaweza kumwelekeza mkazi kwenye kituo kilicho karibu. Na mgonjwa anapofika mbele ya muuguzi, avue viatu na soksi zote mbili, hata kama hajaulizwa kuhusu miguu.