Merikebu Kuukuu: Itengenezwe au Izamishwe?

Tarehe 2 Desemba 1949, merikebu ya kivita iliyokaribia kutimiza umri wa miaka 150 ilivutwa kutoka bandari ya Portsmouth, kusini mwa Uingereza, ikapelekwa kwenye kina kirefu. Tumbo lake lilikuwa limejazwa farumi ya chuma na kutegwa baruti. Juu yake zilipepea bendera mbili kwa pamoja, ya Uingereza na ya Ufaransa. Hapakuwa na adui aliyeivizia. Walioilipua ndio waliokuwa wenyewe.

Jina la merikebu hiyo lilikuwa Implacable. Tunaileta habari yake mbele ya wasomaji wetu askari na polisi kwa sababu neno lililoamuliwa siku ile hulikabili kila jeshi lenye chombo kilichozeeka: je, kitengenezwe kwa gharama kubwa, au kiagwe?

Kwanza tueleze sababu ya bendera mbili. Merikebu hiyo iliundwa na Wafaransa, ikashushwa majini mwaka 1800 kwa jina la Duguay-Trouin, ikiwa na mizinga 74. Mwaka 1805 ilipigana katika vita vya Trafalgar dhidi ya Waingereza, ikanusurika. Lakini haukupita mwezi, ikatekwa katika mapigano mengine. Waingereza wakaipa jina jipya, wakaitumia vitani kwa miaka mingi. Vita vilipokwisha, ikawa chuo cha vijana wanaojifunza ubaharia. Hivyo iliwatumikia mataifa mawili, na mataifa yote mawili yaliiaga.

Yafaa kujua jinsi merikebu ya mbao inavyozeeka. Watu wengi hudhani kwamba bahari ndiyo inayoimaliza. Ukweli ni kwamba maji ya chumvi huzihifadhi mbao kwa kiasi fulani, ila wapo wadudu wa baharini wanaozitoboa, na ndiyo sababu mabaharia wa zamani walizifunika kwa mabati ya shaba. Adui mkubwa zaidi ni maji ya mvua. Hayo hupenya katika sitaha isiyokalafatiwa vizuri, yakajikusanya kati ya mbao na mataruma mahali pasipofikiwa na upepo, na kuoza kukaanza humo humo. Kwa nje rangi yang'aa. Kwa ndani ubao wadonoka kwa ncha ya kisu.

Tena kuna maradhi ya mgongo. Sehemu ya kati ya merikebu ni pana na yabebwa vema na maji. Omo na tezi ni nyembamba, hazipati msaada wa kutosha, nazo zina uzito wake. Miaka ikipita, ncha hizo mbili hulegea chini na katikati hubaki juu, hata mkuku wenyewe ukapinda kama upinde. Chombo kilichofikia hali hiyo hakiponi kwa kubadilishiwa mbao mbili tatu.

Implacable ilikuwa imefikia hali ya namna hiyo. Tangu mwaka 1912 ilikuwa mikononi mwa Bwana Geoffrey Wheatley Cobb, mtu mwenye mali na mapenzi makubwa kwa merikebu za kale. Bwana huyo alifariki mwaka 1931. Ikafuata Vita Kuu ya Pili, na katika miaka hiyo mafundi na mbao vilihitajiwa kwa manowari zinazopigana. Amani iliporudi, uchakavu ulikuwa umekithiri.

Wako waliowalaumu vikali wakuu walioiamuru izamishwe. Sisi twaona ni haki kutazama hali yao. Mwaka 1949 Uingereza ilikuwa nchi iliyochoka. Miji yake iliyobomolewa kwa mabomu ilikuwa haijajengwa yote, raia walikuwa bado wakipimiwa nyama na sukari, na mwezi wa Septemba mwaka huo thamani ya pauni ilishushwa. Mkuu anayetakiwa kuchagua kati ya nyumba za watu na merikebu isiyoweza tena kupigana hana jawabu jepesi.

Sasa tugeukie Marekani, tuone merikebu nyingine iliyohukumiwa kufa mara mbili na hata leo inaelea. Hiyo ni Constitution, iliyoshushwa majini mjini Boston mwaka 1797. Katika vita vya mwaka 1812 risasi za mizinga ya Waingereza zilionekana kudunda ubavuni mwake, nayo ikapewa jina la utani lenye maana ya Mbavu za Chuma. Mwaka 1830 zilivuma habari kwamba itavunjwa kwa ubovu wake. Kijana mmoja, Oliver Wendell Holmes, akatunga shairi la kulilia heshima yake, gazeti likalichapa, na wananchi wakapaza sauti. Mwaka 1833 iliingizwa katika gudi la Boston ikatengenezwa.

Mwaka 1905 mambo yakajirudia. Waziri wa Jeshi la Majini, Charles Bonaparte, alitoa shauri kwamba chombo hicho kilichochakaa kifanywe shabaha ya mizinga na kuzamishwa. Wananchi wakakataa tena, na mwaka 1906 Bunge likatoa dola 100,000. Fedha hizo hazikutosha kuyaondoa maradhi ya ndani. Mwaka 1925 ikaanzishwa changizo ya taifa zima, hata watoto wa shule wakatoa senti zao, na Bunge likaongeza kilichopungua. Kazi ilimalizika mwaka 1931.

Hata hivyo, si changizo peke yake iliyoiokoa. Katika matengenezo ya miaka ya 1990 mkuku wake ulionekana umepinda kwa zaidi ya sentimita 30. Mafundi walirudi kwenye ramani za kale, wakagundua kwamba mbunifu wake, Joshua Humphreys, alikuwa ameweka nguzo za mshazari ndani ya tumbo ili kuuzuia mgongo usipinde, na kwamba waliokuja baadaye walikuwa wameziondoa. Zikarudishwa. Tarehe 21 Julai 1997 ilitandaza matanga ikaenda kwa nguvu ya upepo, jambo ambalo haikulifanya tangu mwaka 1881. Jeshi la Majini la Marekani limeitengea hata msitu wa mialoni katika jimbo la Indiana, na wanaoitunza ni wanamaji walio kazini, wanaovaa sare na kupokea amri kama wenzao.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Zote mbili zilizeeka, zote mbili zilioza, zote mbili zilipendwa. Implacable ilipendwa na watu. Constitution ilipendwa na watu, kisha ikapewa walinzi, fungu la fedha na msitu. Upendo wa mtu mmoja hufa pamoja naye. Wajibu ulioandikwa katika daftari la jeshi humpokea mlinzi mpya kila mlinzi wa zamani anapostaafu.

Kwetu sisi tusio na bahari, somo hili si geni. Tunazo mashua za doria katika maziwa yetu, tunayo magari na mahema, tunazo silaha. Bodi ya ukaguzi inapoitwa kukipima chombo kilichozeeka, inapaswa kujiuliza maswali matatu. La kwanza: ugonjwa uko wapi hasa? Jawabu hupatikana kwa kubandua rangi na kuchungulia chini ya sakafu. Kukisifu chombo kwa historia yake hakutoshi. La pili: kikipona, kitafanya kazi gani? Kupigana, kufundisha na kuhifadhi kumbukumbu ni kazi tatu zenye gharama tatu mbalimbali. La tatu, ambalo aghalabu husahauliwa: nani atakitunza mwaka unaofuata, na mwaka wa kumi? Fedha ya matengenezo makubwa isiyofuatwa na fedha ya matunzo madogo ni sawa na kumtibu mgonjwa na kumlaza mvuani.

Majawabu yakiwa mabaya, ni uungwana kukiaga chombo mapema na kwa heshima, kuliko kukiacha kioze gatini huku kila mkuu akimwachia mwenzake aamue. Kuahirisha nako ni kuamua, tena ndiko kunakogharimu zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kabla Implacable haijazamishwa, sanamu ya gubeti lake na mapambo ya tezi yake yaling'olewa, nayo leo yamehifadhiwa katika makumbusho ya ubaharia huko Greenwich, London. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1979, wapenzi wa merikebu za kale waliunda shirika la kuzilinda duniani kote, wakachukua wito wa kwamba yaliyoipata Implacable yasitokee tena. Wito huo ulikuja baada ya merikebu kwisha kulala chini ya bahari. Askari anayebandua kutu leo katika mashua ya doria, asiyeonwa na mtu, anaitika wito huo kwa wakati wake.