Saa ya Mchezo na Karatasi ya Maulizo



Katika toleo lililopita tuliahidi kueleza asili ya mchezo wetu wa Génies en herbe, kwa sababu wengi wanafikiri ulitungwa ku Butembo, na wengine wanasema uliletwa na Wazungu wa misioni. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alituuliza hata kama ni mchezo wa Biblia. Basi tumetafuta, na hivi ndivyo tulivyokuta. Mambo yanaanzia mbali, ku televizio ya Marekani, tena ile ya mchana, inayoonyeshwa wakati watu wa kazi wako kazini na watoto wako masomoni. Mwishoni tutarudi hapa kwetu Kayna, maana kuna jambo la trimesta iliyopita ambalo hatuwezi kuliruka.

Kwanza tufahamu namna televizio ya Marekani ilivyopangwa. Kampuni tatu kubwa, NBC, CBS na ABC, zilikuwa na makao yao New York, nazo zilituma programu ileile kwa stesheni nyingi za miji mingine. Stesheni ya mji mdogo haikuwa na makuta ya kutengeneza programu za siku nzima. Ilipokea za New York, sawa vile parokia inavyopokea mafundisho yaliyotayarishwa ku makao ya Kanisa. Lakini kampuni hizo hazikumtoza mtazamaji kitu. Zilichouza ni macho ya watu: mwenye kiwanda alilipa ili tangazo lake liingie katikati ya programu. Kwa hiyo kila saa ilikuwa na bei yake, kufuatana na nani yuko mbele ya televizio wakati ule.

Jioni jamaa yote iko nyumbani, basi bei ni kubwa. Mchana je? Waliohesabu walisema: mchana kuna mama wa nyumba, naye ndiye anayenunua sabuni. Tangu miaka ya 1930 watengenezaji wa sabuni kama Procter & Gamble walilipia hadithi za kuendelea ku radio, baadaye ku televizio, hata Wamarekani wenyewe wakaziita michezo ya sabuni. Pembeni ya hadithi hizo wakapanga michezo ya maulizo. Sababu ni bei tena. Hadithi inataka waandishi na waigizaji wa kulipwa. Mchezo wa maulizo unataka meza, kengele, mwongozaji mwenye ulimi mwepesi, na watu wa kawaida wasiokuwa na mshahara. Zawadi, kama friji ao gari, mara nyingi zilitolewa na viwanda vyenyewe ili majina yao yatajwe. Tena michezo ya juma zima iliweza kurekodiwa kwa siku moja. Mwongozaji alibadilisha koti tu, na watu ku nyumba wakafikiri ni siku ingine! Hapo tulicheka sana, kisha tukakumbuka picha za mwisho wa mwaka, namna tunavyoazimana shati moja nyeupe darasa zima.

Mchezo mmoja ulioanza mchana mwaka wa 1956 ni The Price Is Right. Kazi yake ni kukisia bei ya vitu tu. Mama zetu wa soko wangewaacha Wamarekani wote nyuma. Ulisimama mwaka wa 1965, ukarudi tarehe 4 Septemba 1972 ku CBS, na hadi leo ungali unaonyeshwa asubuhi.

Lakini mchezo uliotufundisha zaidi ni Jeopardy!, uliotungwa na Merv Griffin, ukaanza ku NBC tarehe 30 Machi 1964. Humo mwongozaji anatoa jibu, na mchezaji ndiye anayetafuta ulizo. Kwa mfano anasema: "Ni mto mkubwa unaopita mbele ya Kinshasa," nawe unasema: "Mto Kongo ni nini?" Walipouweka saa sita ya mchana ulipata marafiki ambao wauza sabuni hawakuwafikiria: wanafunzi wa vyuo waliotoka darasani, na watu wa ofisi waliokula chakula cha mchana. Hawa wote waliufuata kwa miaka. Mwanzo wa mwaka wa 1974 NBC iliuhamisha kutoka saa sita mpaka saa nne na nusu ya asubuhi. Saa nne na nusu mwanafunzi yuko darasani, mtu wa ofisi yuko ofisini. Baadaye wakauhamisha tena. Tarehe 3 Januari 1975 ukazimwa, na Jumatatu iliyofuata, tarehe 6, Wheel of Fortune ikaanza ku kampuni ileile.

Tuangalie vizuri. Mwongozaji alikuwa yuleyule, Art Fleming. Namna ya kuuliza ilikuwa ileile. Saa tu ndiyo iliyoguswa, na wachezaji wa nyumbani wakapotea. Mchezo huo ulirudi mwaka wa 1984, mara hii karibu na jioni, na haujafa tena.

Msifikiri hayo ni mambo ya Wamarekani peke yao. Wazee wetu wanakumbuka ngumi ya Muhammad Ali na George Foreman ku Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Je, ilipigwa saa ngapi? Saa kumi ya usiku, saa za Kinshasa, ndiyo kusema saa kumi na moja ya alfajiri kwetu huku mashariki. Maelfu ya watu walikesha katika uwanja. Ni nani aliyechagua saa hiyo mbaya? Ni ile hesabu ya macho. Saa kumi ya usiku ku Kinshasa ilikuwa saa ine ya usiku ku New York, na kule watu walilipa ili kutazama katika majumba ya sinema na viwanja vilivyounganishwa na satelaiti. Nchi ilikuwa yetu, uwanja wetu, usingizi wetu, lakini saa ilikuwa ya wengine.

Televizio yenyewe ilikuwa imeanza ku Kinshasa mwaka wa 1966. Kenya walikuwa nayo tangu 1962 na Uganda tangu 1963. Unguja ilipata televizio ya rangi katika miaka ya 1970, lakini Tanzania bara ilingoja mpaka 1994, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kuna mambo ya lazima zaidi kwa taifa maskini. Kwa sisi vijijini, chombo cha mchana ni radio. Na radio pia iko na mchezo wake wa mchana: ku Ufaransa kuna ule ulioanza mwaka wa 1958 kwa jina la faranga elfu mia moja kwa siku, ambao leo ni wa euro elfu moja. Unatembea mji kwa mji, unasikilizwa wakati wa chakula cha mchana, na maulizo yake yanatumwa na wasikilizaji wenyewe. Hilo la maulizo ya wasikilizaji mlishike, tutalirudilia.

Sasa tufike ku aibu. Mwaka wa 1958, mwezi wa kwanza, CBS ilianza mchezo wa mchana ulioitwa Dotto. Ulipendwa haraka. Siku moja ya mwezi wa tano, kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake nyuma ya studio aliona daftari ya mama mmoja aliyekuwa akishinda. Akaifungua. Ndani mlikuwa majibu ya maulizo yaleyale aliyokuwa anaulizwa mbele ya watu! Akapasua ukurasa ule, akamwonyesha aliyeshindwa. Mwezi wa nane Dotto ilifutwa bila watazamaji kuelezwa sababu.

Kisha watu wakaanza kuamini manung'uniko ya zamani juu ya mchezo wa jioni wa NBC ulioitwa Twenty-One. Humo Herbert Stempel aliambiwa na wakubwa wa mchezo akose ulizo moja la sinema, na jibu lake alilijua sana. Alikosa, kama walivyomwagiza, na nafasi yake ikachukuliwa na Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, kijana wa jamaa ya watu wa vitabu. Huyu alishinda dola 129.000, taifa zima likampenda, kumbe naye alikuwa anapewa majibu. Alikana muda mrefu. Tarehe 2 Novemba 1959 alikubali yote mbele ya wajumbe wa bunge, akapoteza kazi yake ya ualimu. Mwaka wa 1960 sheria ikawekwa: kupanga mshindi wa mchezo wa maulizo kwa siri ni kosa la kuhukumiwa.

Tunataka wasomaji waone jambo moja hapa. Van Doren hakuwa mjinga. Pengine bila majibu angeshinda mara nyingi. Waliompa walisema kwamba ni kuburudisha watu tu, hakuna anayeibiwa kitu. Lakini Stempel aliibiwa, na kila mtu aliyekaa nyumbani akijipima na wale wachezaji, akijiona mpumbavu, aliibiwa pia.

Basi Génies en herbe ilitoka wapi? Mwaka wa 1953 radio ya NBC ilianza mashindano ya vyuo vikuu, College Bowl, wanafunzi wanne upande huu na wanne upande ule. Mwaka wa 1959 ikaingia ku televizio ya CBS, Jumapili alasiri. Ku Kanada, stesheni ya Vancouver ilianza mwaka wa 1961 mchezo kama huo kwa shule za sekondari, Reach for the Top. Na mwaka wa 1972 televizio ya Kifaransa ya Kanada, Radio-Canada, ilianza ya kwake: Génies en herbe. Iliendelea mpaka 1997 ikazimwa, lakini jina lilikuwa limekwisha kusafiri katika masomo ya nchi zinazosema Kifaransa, mpaka Kongo. Upande wa Kiingereza pia hawakulala: tangu 2007, kwa miaka michache, vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania na wengine walishindana ku televizio katika Africa Challenge, John Sibi-Okumu wa Kenya akiuliza maulizo. Sisi hatuna televizio ya kutuonyesha. Tuko na meza mbili, na chupa za kugonga kwa kijiko mahali pa kengele.

Sasa ya kwetu. Mchezo ulikatika mwezi wa sita wa 2024 vita ilipotufikia na wengi wakakimbilia upande wa Lubero na Butembo. Uliporudi, tulifurahi, hatukuuliza mambo mingi. Trimesta iliyopita mwaka wa sita tulicheza na mwaka wa ine, Jumamosi saa kumi na moja ya jioni. Tuliwapita kwa pointi 60. Tukapewa kamusi moja ya Kifaransa na madaftari kumi na mbili.

Juu ya saa: ni sisi tuliochagua saa kumi na moja, juu inafaa watu wa internati. Wasichana wawili wa mwaka wa ine, ambao kila mwalimu anajua akili yao katika historia na hesabu, hawakufika. Tulisema wameogopa. Juma lililopita mmoja alitujibu: "Yaya, ile saa tunakuwaka ku maji na bidoni. Nani alituuliza?" Hakuna aliyewauliza. Tuliwafanyia sawa vile NBC walivyowafanyia wanafunzi wa saa sita.

Juu ya karatasi: maulizo yalipigwa ku stensili katika chumba cha mashini, na funguo ya chumba hicho ilikuwa kwetu, kwa ajili ya gazeti hili. Mwalimu alituamini. Stensili iliyotumika ilitupwa katika sanduku la takataka. Ijumaa jioni tuliitoa, tukaitandika ku kioo cha dirisha, na mwangaza ukapita katika kila herufi. Maulizo 40. Tuliyasoma yote, tukafungua vitabu. Wenzetu watatu wa ekipi hawakujua. Walishangaa tu kuona mkono wetu unagonga chupa mbele ya ulizo kuisha. Mmoja alitusifu sana.

Tulikaa na jambo hili likizo nzima. Tulipoanza kuandika makala haya tulitaka kueleza historia tu. Tulipofika ku daftari ya yule mama wa Dotto, kalamu ilisimama. Siku ile ile tulikwenda kwa Bwana Prefe wa masomo, tukamweleza, naye ametupa adhabu ambayo hatutaiandika hapa. Kazi ya doyen wa wanafunzi tumeiweka mikononi mwake mpaka atakapoamua.

Kamusi iko kwa mwaka wa ine tangu jana. Madaftari tisa pia. Matatu tulikwisha kuyaandikia, na mapya tutayanunua siku ya soko.

Mchezo utarudiliwa Jumatano ijayo saa sita, katika saa ya mwisho ya masomo ambayo Bwana Prefe ametuachia, ili wa internati na wa kutoka nyumbani wawe wote. Upande wa mwaka wa sita nafasi yetu itachukuliwa na mwingine. Kila darasa inaweza kuleta maulizo kumi pamoja na majibu, kwa mwalimu wa historia, siyo kwetu. Yeye atachagua, atayafunga katika bahasha, na bahasha itafunguliwa mbele ya watu wote. Funguo ya chumba cha mashini iko kwa katibu wa masomo. Hata kurasa hizi alizizungusha yeye.