Mvua ya Kwanza na Punje ya Mahindi

Machi ikielekea ukingoni, kaskazi hulegea na maleleji huingia. Shimanzi, Mombasa, kati ya maghala na matangi ya mafuta, hapalimwi. Hata hivyo wapo wachukuzi wa magunia wenye mashamba Kaloleni, Kinango na Ganze, na simu za nyumbani huwaletea swali moja: mvua imenyesha, tupande?

Punje ya mahindi hufyonza maji kama theluthi ya uzito wake ndipo iote. Ikiwa imevimba tu, udongo ukikauka yaweza kusinyaa na kungoja mvua nyingine. Kimzizi kikishachomoza, hairudi tena nyuma. Jua la siku kumi humaliza mbegu na jasho la aliyepanda. Ndiyo maana kipimo kimoja kinachotumiwa sana na wataalamu huhesabu msimu umeanza zikinyesha milimita 20 ndani ya siku 2, kisha siku 30 zifuatazo zisipitiwe na ukavu wa siku 10 mfululizo. Ni kipimo kizuri, ila jibu lake huja mwezi mzima baadaye.

Na kungoja nako kuna hasara. Mwaka 1958 H. F. Birch, mtafiti wa Muguga karibu na Nairobi, alieleza kwamba udongo uliokauka ukiloa, vijidudu vyake huamka kwa kishindo, huozesha mboji na kuachia naitrojeni nyingi kwa siku chache. Hiyo ni mbolea ya bure. Katika ardhi ya kichanga, mvua kubwa za Mei huizamisha kabla ya mizizi michanga kuifikia, na aliyechelewa hulazimika kununua ile ya gunia iliyoshushwa bandarini Kilindini.

Wazee wa Pwani walihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, kumi kumi, wakajua wakati wa kusafiri na wa kulima. Ni hesabu ya kuheshimiwa, lakini mwaka wake una siku 365 kamili, hivyo husogea siku moja kila miaka 4 hivi.

Na utabiri wa kisasa je? Vuli, mvua za mwisho wa mwaka, hutabirika vizuri zaidi kwa kuwa hufuata joto la bahari, kama ilivyofurika mwaka 2019 Bahari ya Hindi ilipopata joto upande wetu. Masika, mvua hizi zinazoanza Machi, ni magumu kutabiri. Kwa masika ningemshauri mkulima achimbe kwanza: unyevu ukifika kina cha kiganja tu, asubiri, ukipita hapo, apande sehemu ya shamba, abakize mbegu ya kurudishia.