Namba za Vifurushi vya Programu: Toleo na Ufungaji

Katika karne ya 19 misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika Tabora. Hapo mizigo ilipangwa upya na wapagazi wengine wakaajiriwa. Kitambaa kilichotoka pwani kilibaki kilekile. Kilichobadilika ni namna furushi lilivyofungwa. Ukishika tofauti hiyo, mada hii haitakusumbua.

Programu za Linux nazo husafiri katika vifurushi. Tazama jina hili la mfano: hesabu-2.4-3. Neno "hesabu" ni jina la programu. 2.4 ni toleo, nalo hupangwa na walioandika programu. 3 ni namba ya ufungaji, inayowekwa na wafungaji wa mfumo kama Fedora au Debian. Mfungaji akiziba tundu la usalama bila kungoja toleo jipya, toleo hubaki 2.4 na kifurushi huwa hesabu-2.4-4.

Kwa nini namba hii ndogo ina uzito? Kompyuta haichunguzi yaliyomo ndani ya kifurushi ili kujua kama ni kipya, hulinganisha namba. Mfungaji akirekebisha kosa kisha akasahau kuongeza namba, kompyuta za maabara yenu zitaona 3 na 3, zitaamua kwamba hakuna jipya, na tundu litabaki wazi. Tena wafungaji wawili wakifanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja anaweza kuandika 4 yake.

Ndiyo maana Fedora ina zana iitwayo rpmautospec. Kila badiliko huhifadhiwa katika kumbukumbu ya Git. Zana huhesabu mabadiliko tangu toleo lilipobadilika mara ya mwisho, na hesabu hiyo ndiyo namba ya ufungaji. Toleo likiwa 2.5, hesabu huanza tena na 1. Namba zinaweza kuruka, mathalani kutoka 4 hadi 7, kwa kuwa si kila badiliko hufungwa kuwa kifurushi. Hilo si kosa. Kinachotakiwa ni namba ipande.

Sasa mtego unaowaangusha wanafunzi wangu kila mwaka: nukta hapa si ya desimali. Toleo 2.10 ni jipya kuliko 2.9, kwa sababu 10 ni kubwa kuliko 9.

Swali: Kifurushi kipi ni kipya zaidi, hesabu-2.9-12 au hesabu-2.10-1?

Jibu: hesabu-2.10-1. Toleo hulinganishwa kwanza. Namba ya ufungaji huangaliwa endapo matoleo yamelingana.