Kabla ya Vumbi la Kongo, Pima Sukari

Likizo ya Desemba nikiwa nyumbani Kibosho, baba mdogo aliniita migombani, mbali na wengine. Akatoa kichupa mfukoni. "Wewe ndiye msomi. Nisomee hii inatumiwaje." Hakikuwa na maandishi hata moja. Ilikuwa vumbi la Kongo, kainunua stendi.

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Mzee akimweleza mtoto wa kaka yake jambo kama lile, ujue kahangaika sana.

Ndugu msomaji, uume husimama pale damu inapojaa ndani yake. Mishipa yake ni myembamba. Kisukari, presha na sigara vikianza kuharibu mishipa ya mwili, dalili inaweza kuonekana huko kabla ya kufika moyoni. Kwa sisi vijana wa hosteli, mara nyingi chanzo ni hofu, mawazo au pombe.

Tiba zipo kwa ngazi. Kwanza hutibiwa chanzo: sukari, presha, uzito, sigara. Kama tatizo liko kichwani, ushauri nasaha husaidia. Halafu kuna vidonge kama sildenafili, iliyoanza kufanyiwa utafiti kama dawa ya moyo, ikaidhinishwa Marekani kwa kazi hii mwaka 1998. Hulegeza mishipa damu iingie. Humezwa kama saa moja kabla, na bila hamu haifanyi kazi. Ikishindikana, kuna pampu, sindano, na mwisho upasuaji.

Ila anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua asiguse sildenafili kabisa. Presha inaweza kushuka ghafla ikamuua. Na mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimewahi kukuta dawa zinazoitwa "za asili" zimechanganywa sildenafili kimyakimya. Sasa kichupa kisicho na maandishi utajuaje kina nini?

Asubuhi yake tulipanda daladala hadi hospitali. Sukari ilikuwa juu sana, na hakuwahi kupima maishani. Sasa anatumia dawa, mbege kapunguza, na daktari anaendelea naye kwa lile lingine taratibu.

Mimi huwa nawaza jambo moja tu: lile vumbi lingemfaa, tusingeenda kupima.