Tusafishe orodha ya tunaowafuata

Katika miaka ya 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Kolwezi. Kabla ya kufukuzwa ziliitwa bilulu, yaani wadudu. Maneno yalitangulia, fujo zikafuata. Leo maneno kama hayo yanatufikia kwenye simu.

Tufahamu namna Facebook inavyofanya kazi. Ukiandika maoni chini ya ujumbe wa chuki, hata kwa kuupinga, utaletewa mingine ya namna hiyo. Afadhali uache kumfuata mchochezi, hatajulishwa. Kwenye WhatsApp, tangu 2022, ukitoka katika kikundi wanaojulishwa ni wasimamizi tu.

Lakini kusafisha si kuondoa watu wa kabila lingine. Ukibaki na wa kwenu tu, siku uvumi utakaposema "wanakuja kutuchomea nyumba", utamuuliza nani wa upande wa pili?

Basi tumwondoe anayeita watu wadudu, na anayesambaza picha zisizo na tarehe wala mahali. Tumbakize jirani msema kweli, hata kama hatukubaliani naye. Ninyi viongozi muanze, kwani familia zitafuata mfano wenu.