Porini Palipochorwa Mjini

Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hakusomea uchoraji. Alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akawa mtumishi wa nyumbani Dar es Salaam. Alipoanza kuchora mwaka 1968, vifaa vyake vilikuwa vya mjini: vipande vya ubao wa dari na rangi ya kung'aa, ile ipakwayo baiskeli. Wapo waibezao rangi hiyo. Sisi twaona kuwa fundi alitazama duka na mfuko wake, akashika kazi.

Majira humtawala mchoraji wa namna hiyo. Wakati wa masika rangi huchelewa kukauka. Kiangazi vumbi huinasa. Lakini ndani ya picha zake hamna masika wala kiangazi. Chui husimama peke yake, bila mvua, bila jua. Je, si ndivyo mtu wa mjini akumbukavyo kijijini kwao?

Picha ziliuzwa chini ya mbuyu, karibu na Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimdhania mhalifu, wakampiga risasi, akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu. January Linda, Simon Mpata na wanafunzi wengine walishika brashi.